Shufwa au witiri: hesabu iliyomo ndani ya mti

[Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu]

Maandishi haya ndiyo yanayosomwa hewani. Tumeyachapisha kwa ajili ya vikundi vya kusikiliza, na kwa ajili yako wewe ambaye betri za redio zimekwisha na mwezi bado mrefu.

Leo tunazungumzia miti ya kuni na mbao, lakini tutaanzia kwenye ndizi. Ukipata ndizi mbivu sokoni, ikate katikati uitazame vizuri. Utaona vidoa vidogo vyeusi vimejipanga. Hizo zilipaswa kuwa mbegu, lakini hazikukua. Ndiyo maana hujawahi kumwona mtu akisia mbegu za ndizi. Mama zetu kule Ngozi, Rutana, Kabare au Uvira walichimba mtoto wa mgomba kwenye shina la mama yake, wakampanda pembeni, na shamba likaendelea. Makemba ni vivyo hivyo, na ndizi za kupika za nyanda za juu nazo ni vivyo hivyo. Ndizi za porini, kwa upande mwingine, zimejaa mbegu nyeusi ngumu za kuvunja meno. Tofauti ya hizo mbili iko kwenye hesabu, na hesabu hiyo hiyo ndiyo wataalamu wa misitu wamekuwa wakiitafuta ndani ya miti kwa karibu miaka 90 sasa.

Kwa nini jambo hili likuhusu wewe uliye kambini? Kwa sababu kila msimu wa mvua unapokaribia, swali hurudi: je, upo mti unaokua haraka zaidi, utakaomfanya mama asitembee nusu siku kutafuta mzigo wa kuni, na kugombana na wenyeji porini? Na swali hilo likishaulizwa, huja na watu wa kulijibu. Wengine ni mabwana misitu wa kweli. Wengine wana mfuko wa mbegu mkononi na maneno matamu mdomoni: "mbegu za kisasa", "mti wa maabara", "mti wa miaka mitatu". Mfuko huo unagharimu pesa ambayo ingenunua chumvi na sabuni. Ukijua hesabu ya leo, utaweza kumuuliza maswali mawili matatu kabla hujafungua pochi.

Kila kiumbe hai kimejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Ndani ya kila seli kuna vijiuzi vinavyobeba maelekezo ya urithi: jani liwe pana au jembamba, gome liwe laini au la kukwaruza, mti uwe mrefu au wa kutambaa. Vijiuzi hivyo huitwa kromosomu. Binadamu anazo 46: seti ya 23 kutoka kwa mama na seti ya 23 kutoka kwa baba. Mkaratusi una 22, yaani 11 na 11.

Akina mama wanaovaa khanga watanielewa haraka. Khanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Mti wa kawaida ni doti. Unapotengeneza chavua au yai, doti hukatwa, kila upande unapata kipande kimoja. Chavua ya mti mmoja ikikutana na yai la mti mwingine, doti inakamilika upya, na hapo mbegu inapatikana. Mambo yanakwenda sawa kwa sababu mbili hugawanyika kwa mbili.

Sasa chukua mgomba wetu. Una seti tatu: 11, na 11, na 11 nyingine, jumla 33. Ukitaka kutengeneza chavua au yai, ufanyeje? Fikiria siku ya mgao. Watu wawili wamewekewa mafungu 11, na kila fungu lina vitu vitatu visivyoweza kukatwa. Katika kila fungu, mmoja ataondoka na viwili na mwenzake na kimoja, na anayepata viwili anabadilika fungu kwa fungu. Mwishoni mmoja ana mabeseni mengi na sufuria hana, mwingine ana sufuria nne na beseni hana hata moja. Ili mbegu iwe nzima, ingebidi mtu yule yule apate kimoja kimoja katika mafungu yote 11, au viwili viwili katika yote. Ni kama kurusha sarafu mara 11 na kupata upande ule ule kila mara. Nafasi yake ni moja katika 1,024. Na hata ikitokea, chavua hiyo inatakiwa ikutane na yai lililobahatika vilevile. Kwa hiyo mgomba huacha tu. Tunda linajaa nyama, mbegu zinabaki vidoa.

Wazee waliosoma hesabu za zamani wana maneno mazuri hapa: namba zinazogawanyika kwa mbili ni shufwa, zisizogawanyika ni witiri. Shikilia maneno hayo mawili, tutayatumia hadi mwisho wa kipindi. Mti wenye seti za shufwa, yaani mbili, nne au sita, unaweza kugawa sawa na kuzaa mbegu. Mti wenye seti za witiri, yaani tatu au tano, hukwama.

[Muziki mfupi]

Kabla hatujaendelea, tuondoe hofu moja. Watu husikia "mti ulioongezwa kromosomu" wakadhani ni mti uliotiwa kitu cha mnyama, au ni dawa ya kupunguza uzazi wa watu. Sivyo. Kuongeza seti si kuingiza kitu kigeni. Ni maelekezo ya mti huo huo, au ya ndugu yake wa karibu, yaliyorudiwa mara nyingi zaidi. Na asili imefanya kazi hiyo muda mrefu kabla ya maabara. Ugali uliokula jana, unga wake ulitoka kwenye punje ya mahindi, na ile sehemu nyeupe ya punje tunayoisaga ni chakula cha mche kilichojengwa kwa seli zenye seti tatu, mbili za mama na moja ya baba. Umekula seti tatu tangu ulipoachishwa ziwa, na watoto umezaa.

Kahawa nayo ina kisa chake, na kisa hicho kilianzia katika sehemu zetu za Afrika. Robusta ina kromosomu 22. Arabika, ile inayolimwa milimani Burundi na Kivu, ina 44. Zamani sana, kabla hajapatikana wa kuinywa, robusta ilichavushana na kahawa ya porini iitwayo eugenioides, ambayo mpaka leo inaota katika misitu ya nyanda za juu za Afrika Mashariki na mashariki ya Kongo. Mtoto wao alibeba seti zote za wazazi wawili badala ya nusu nusu. Seti nne, namba shufwa, hivyo mbegu zinapatikana bila shida. Kila mkulima aliyewahi kukausha kahawa kwenye kitanda cha chanja amekuwa akishika mti wenye seti za ziada.

Ndugu zetu wa Kakuma na Dadaab, ninyi mna mfano ulio karibu zaidi na moto wa jikoni: mathenge. Waturkana wanauita etirae. Ulitoka Amerika, ukapandwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Kuni ulizileta, na mkaa wake ni mzuri. Lakini ulitoka ulipopandwa ukafuata mito, ukaziba njia za mifugo, na miiba yake unaijua. Kule Baringo, jamii ya Ilchamus ilifikisha malalamiko yake mahakamani Nairobi mwaka 2006, ikapeleka na mbuzi asiye na meno awe ushahidi, kwa sababu maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi. Mathenge una kromosomu 56, yaani seti nne za 14. Ndugu yake mmoja wa Amerika Kusini ana 28 tu.

Nimeutaja mathenge makusudi. Wapo wanaosema kwa haraka kwamba mti wenye seti za ziada hauzai, kwa hiyo hauna hatari ya kuenea. Hilo ni kosa la kusahau shufwa na witiri. Seti nne zinagawanyika vizuri kabisa: mbili huku, mbili kule. Mathenge huzaa maganda kwa maelfu, ng'ombe na mbuzi wanakula, mbegu inapita tumboni salama na kutoka na samadi yake tayari. Lusina ni hivyo hivyo. Mti huu, unaopandwa kwa ajili ya malisho na kuni, una kromosomu 104 katika seti nne, na ukiuacha bila kukata, miche itajaa hadi kwenye kibaraza. Mgunga wa maeneo makavu, ule Waturkana wanaouita ewoi, nao una seti nne, 52. Huo ni mti wa nyumbani kwao, unaheshimiwa, na kando ya mito ya Turkana familia zina haki zake tangu zamani. Mzigo mmoja wa ewoi mbichi unaweza kuanzisha ugomvi usioisha leo.

[Muziki mfupi]

Sasa twende Uswidi, nchi ya baridi kaskazini mwa Ulaya, kwa sababu huko ndiko kisa cha misitu kilikoanzia. Mwaka 1935, katika jimbo la Skåne, mtaalamu wa urithi wa mimea aitwaye Herman Nilsson-Ehle alichunguza kundi la miti ya aspeni. Aspeni ni mti mwembamba mrefu, majani yake hutetemeka kwa upepo kidogo, na mbao zake ziliheshimika sana kwa kutengenezea njiti za kiberiti. Kundi lile lilikuwa na majani makubwa isivyo kawaida na vigogo vilivyonyooka vikubwa. Mwenzake, Arne Müntzing, aliweka vipande vya mti ule chini ya hadubini akahesabu. Aspeni ya kawaida ina kromosomu 38. Ile ilikuwa na 57. Seti tatu za 19, kama mgomba.

Hakuna mtu aliyeutengeneza. Mara chache, chavua au yai husahau kugawanyika na kubeba doti nzima. Ikikutana na mwenzake wa kawaida, mtoto anapata seti tatu. Habari ile iliwasisimua watu wa misitu, kwa sababu ilionekana kama njia ya mkato. Badala ya kusubiri vizazi vingi vya kuchagua miti mizuri, ongeza seti moja tu.

Kwa nini seti ya ziada inaweza kumfanya mti awe mkubwa? Seli yenye maelekezo mengi zaidi huwa kubwa zaidi. Majani yanakuwa mapana na mazito, vitundu vya kupumulia vya jani vinapanuka, na nyuzi za mbao zinarefuka. Nyuzi ndefu ni habari njema kwa kiwanda cha karatasi, kwa kuwa ndizo zinazoshikana karatasi isichanike. Halafu, mti usiozaa hautumii nguvu zake kulea mbegu.

Njia ya kuongeza seti kwa makusudi ilipatikana muda mfupi baadaye. Mwaka 1937 watafiti wa Marekani, Albert Blakeslee na Amos Avery, walionyesha kwamba kolkisini, sumu inayotoka kwenye ua moja la Ulaya, inaweza kuongeza seti mara mbili. Kolkisini ilikuwa ikijulikana tangu zamani kama dawa ya ugonjwa wa jongo, ule wa vidole vya miguu kuvimba na kuuma. Seli inapojiandaa kugawanyika, hunakili kromosomu zake zote, kisha kamba ndogo huvuta nusu huku na nusu kule. Kolkisini hukata zile kamba. Nakala zimeshatengenezwa, lakini hakuna wa kuzivuta. Seli inabaki na mzigo wote. Kutoka seti mbili sasa zipo nne.

Naongeza neno la tahadhari hapa: kolkisini ni sumu kali kwa binadamu. Kiasi kidogo kikizidi, inaua, na hakuna dawa rahisi ya kuizuia. Hii si kazi ya kujaribu nyuma ya nyumba, na mtu yeyote akikuuzia maji ya chupa ya "kunenepesha miti" usiyakaribishe palipo na watoto.

Ukishapata mti wa seti nne, unausubiri utoe maua, kisha unauchavusha na mti wa kawaida wa seti mbili. Nusu ya nne ni mbili, nusu ya mbili ni moja. Mbili na moja ni tatu. Huo ndio mti wa witiri uliokuwa ukiutafuta. Kwa maneno ni rahisi. Kwa miti ni kazi ya nusu ya umri wa mtu, kwa sababu aspeni inaweza kuchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kuchanua, na mara nyingi dawa huongeza seti kwenye sehemu ya tawi tu, sehemu nyingine ikabaki kama zamani.

Mfano mzuri wa kazi hii kwa mazao tunayoyajua uko Uganda. Watafiti wa NARO na wenzao wa IITA walitaka ndizi za kupika zinazostahimili magonjwa. Walichukua migomba ya nyanda za juu ya seti tatu, ile michache ambayo bado hutoa mbegu ikichavushwa kwa mkono, wakaichavusha na ndizi pori iitwayo Calcutta 4. Wakapata migomba ya seti nne. Hiyo wakaichavusha tena na ya seti mbili, wakarudi kwenye seti tatu. Aina zilizopatikana wameziita NARITA, jina lililounganishwa kutoka kwa majina ya taasisi hizo mbili. Huenda baadhi yenu mlioko Nakivale mmeshazisikia kwa mabwana shamba.

[Muziki mfupi]

Je, ile njia ya mkato ya misitu ilifika? Kwa sehemu. Miti ya seti nne, ambayo watu walitarajia iwe mijitu, iliwaangusha. Aspeni nyingi za seti nne zilikua polepole kuliko za kawaida, nyingine zikadumaa. Seli kubwa si lazima ziwe seli nyingi. Seli kubwa huchukua muda kugawanyika, na mti mwenye seli kubwa chache si mrefu kuliko mwenye seli ndogo nyingi. Seti tatu ndizo zilizoonekana kukaa mahali pazuri, lakini si zote. Mwandishi wa maandishi haya ana maoni yake: seti ya ziada ni kama kuongeza chumba kwenye nyumba. Kama ukuta wa zamani ulikuwa mbovu, sasa una nyumba kubwa mbovu. Mti mzuri hutoka kwa wazazi wazuri kwanza, na seti huja baadaye.

Uchina walilielewa hilo. Kuanzia miaka ya 1980, Zhu Zhiti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Misitu cha Beijing walishughulikia mpopla mweupe wa Uchina, ndugu wa karibu wa aspeni, mwenye kromosomu 38 vilevile. Walipata miti ya seti tatu inayokua haraka, yenye nyuzi ndefu, na ikapandwa katika bonde la Mto Manjano kwa ajili ya karatasi. Hapo palikuwa na ardhi, maji, na kiwanda kinachosubiri. Na miti ile haikupandwa kwa mbegu. Ilizalishwa kwa vipandikizi na kwa kubebesha, mti mmoja ukigeuzwa kuwa maelfu.

Vietnamu walichukua akasia, jamii ile ile ambayo aina yake moja, aurikuliformisi, ilipandwa kwa wingi Mampu, kwenye uwanda wa Bateke nje ya Kinshasa, kwa ajili ya mkaa wa jiji. Wametengeneza akasia za seti nne, na kutoka kwazo za seti tatu. Zile za seti nne hukua polepole kuliko za kawaida. Kwa hiyo huko nako kazi ni ya kuchambua mti mmoja mmoja na kutafuta ule wa seti tatu unaokua vizuri.

Afrika Kusini sababu yao ni tofauti, na mimi naiona ndiyo sababu nzito kuliko zote. Wanalima miwati, ule mti mweusi wa Australia ambao gome lake hutumika kutengeneza ngozi na mbao zake kwa karatasi na mkaa. Watu wa Njombe na wa nyanda za juu za Kenya wanaujua. Tatizo ni mbegu. Hudondoka kwa wingi, hukaa ardhini miaka mingi, na moto ukipita zinaamka zote pamoja. Miti hiyo imejaa kandokando ya vijito na kunywa maji ya watu walioko chini. Watafiti wakaanza kutafuta miwati ya seti tatu, isiyozaa, ili mkulima abaki na gome na mbao, na kijito kibaki na maji yake. Walifanikiwa kupata miti ya seti nne kwa kolkisini. Hatua ya kutoka nne kwenda tatu kwa wingi wa kutosha shamba ndiyo ngumu. Kule Hawaii, James Brewbaker alifanikiwa kwa lusina: aliichavusha na ndugu yake mwenye seti mbili, akapata lusina ya seti tatu isiyo na mbegu, ikapewa jina KX4.

Wewe uliyeona mathenge ikimeza njia ya kwenda mtoni huhitaji kuelezwa faida ya mti wa kuni usiosambaa.

[Muziki mfupi]

Sasa turudi kwenye mfuko wa mbegu wa yule bwana. Akikuambia ni mbegu za mti wa seti tatu, usio na mbegu, unaokua mara mbili, mwulize swali moja kwa upole: mzee, mti usiozaa mbegu umetoa wapi mbegu hizi? Mti wa witiri huja kama mche uliooteshwa kutoka kwenye kipande, kijiti cha kupanda, au mche wa chupa kutoka maabara. Ikiwa ni mbegu kwenye mfuko mkononi mwa mchuuzi, kuna uwezekano mkubwa ni mikaratusi au mijohoro ya kawaida iliyopewa jina jipya na bei mpya.

Swali la pili ni lako mwenyewe: mche huu ukifa, nitapata wapi mwingine? Mti wa mbegu unaweza kuuzalisha mwenyewe mwaka hadi mwaka. Mti usio na mbegu unakufunga na kitalu kilichokupa. Kwa mtu ambaye hajui mwaka ujao atakuwa hapa, au amerudi Ruyigi, au amepelekwa nchi ya mbali, hilo si jambo dogo. Mbegu hubebwa kwenye fundo la kitenge. Kipandikizi hukauka njiani. Na hata kisipokauka, usivuke nacho mpaka bila kuwauliza wakaguzi wa mimea, maana mnyauko wa migomba umesafiri hivyo hivyo, ndani ya watoto wa mgomba wanaoonekana wazima.

Mnyauko huo unatufundisha na swali la tatu: wako wangapi? Mashina ya aina moja yaliyozalishwa kwa vipande ni mti mmoja uliosimama mahali pengi. Ugonjwa ukimshinda mmoja, umewashinda wote. Wakulima wa migomba mnalijua hilo kwa machozi. Kama kitalu kimewapa miche ya namna hiyo, ichanganyeni na mingine, msijaze uwanja mzima kwa shina moja.

Kuna na jambo la maji, ambalo hakuna hesabu ya kromosomu inayolikwepa. Mbao hutengenezwa kwa maji na udongo. Mti unaokua haraka hunywa haraka. Pale bonde la Mto Manjano linapomwagilia, Kakuma haimwagilii. Mti wa seti tatu uliopandwa kwenye changarawe bila maji utakuwa mdogo kama jirani yake wa seti mbili.

Kwa sasa miti mingi mnayopewa kwenye vitalu vya kambi ni ya kawaida, na hakuna aibu katika hilo. Mjohoro unachipua ukikatwa, na kuni zake zinashika moto vizuri, ingawa nguruwe huweza kufa wakila majani yake. Kaliandra inatoa vijiti vya jikoni na maua kwa nyuki. Mgrivea unavumiliana na mahindi. Lusina ni chakula kizuri cha mbuzi kikichanganywa na majani mengine, lakini ipogolewe kabla maganda hayajakauka, maana ni shufwa na itazaa. Mikaratusi iwe mbali na kisima.

Mkiokota mbegu wenyewe, msijaze debe kutoka mti mmoja mnene ulio karibu na njia. Wataalamu wa mbegu hupendekeza kuokota kutoka miti isiyopungua 30, iliyoachana angalau hatua 50, ili watoto wasiwe ndugu wa tumbo moja wanaougua pamoja. Kama 30 haipatikani, okoteni kwa mingi kadiri mnavyoweza, na muombe ruhusa kwa wenyeji kwanza. Changanyeni mbegu hizo pamoja. Za kaliandra zilowekwe kwenye maji baridi siku mbili. Za lusina zimwagiwe maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, ziachwe humo hadi asubuhi. Zilizovimba zisiwe siku hiyo hiyo, kwenye viriba vyenye tundu chini, chini ya kivuli chepesi, mapema kabla ya mvua mnayoitegemea.

[Muziki wa kipindi unapanda na kufunga]